Kibuyu cha Pau Casals: siku sita kutoka Barcelona hadi Prades

Maalim alinipa kazi moja tu kabla sijaondoka Unguja. "Ukifika huko kanitazamie kile kibuyu, mwanangu. Na picha uniletee. Maelezo sitaki, maelezo unayo mengi."

Maalim ndiye aliyenifundisha selo kwenye kikundi chetu cha taarabu. Kwa asiyeijua, selo ni ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, iliyotufikia kwa njia ya okestra za Misri, nasi tukaiweka ubavuni mwa ala nyingine za nyuzi, kanuni na udi, kana kwamba ilizaliwa Malindi ya Unguja. Siku moja nilimsimulia kwamba Pau Casals, ambaye wapigaji wengi wa selo duniani humhesabu kuwa baba yao, alianza na kibuyu kilichotiwa mpini na uzi mmoja. Maalim alicheka mpaka akavua kofia. Yeye mwenyewe alianza na kopo la mafuta ya taa na waya wa breki ya baiskeli, na miaka yote alidhani ni aibu ya kwetu peke yetu.

Basi nilipoalikwa Barcelona kwenye semina fupi ya walimu wa muziki, niliongeza siku sita. Haya nimeyapanga upya nyumbani kutoka kwenye daftari na picha za simu. Bei ni zile nilizolipa mimi. Euro moja niliihesabu kama shilingi elfu tatu ili nisijidanganye.

Ijumaa, 3 Oktoba: Barcelona

Niliswali Ijumaa mtaa wa Raval, mtaa wa Wapakistani na Wamoroko, kisha nikala biriani ya kuku kwa euro 8. Mwenye duka la simu jirani na msikiti alinikubalia niache begi kwake siku nzima. Nilipotaka kumlipa aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akasema babu yake alikuwa na mfanyabiashara mwenzake huko, pesa zangu hazipiti dukani kwake. Sikuwa na la kujibu, nikanunua chaja.

Kutoka Raval ni mwendo wa miguu hadi Carrer Ample, barabara nyembamba nyuma ya bandari. Ilikuwa mwaka 1890. Casals ana miaka 13, usiku anapiga selo kwenye mkahawa uitwao Cafè Tost, na baba yake amekuja kumtembelea. Wakaingia duka la karatasi kuukuu za noti za muziki kutafuta cha kupiga mkahawani, na mtoto akakuta Swiiti sita za mtunzi Bach za selo peke yake, kila swiiti ikiwa ni mfululizo wa vipande. Wakati ule zilichukuliwa kuwa mazoezi ya vidole, hakuna aliyekaa jukwaani akapiga swiiti nzima. Alizifanyia kazi miaka kama 12 kabla ya kuthubutu kupiga mojawapo mbele ya watu. Duka hilo leo usilitafute. Nilitembea barabara yote mara mbili nikiwa na uso wa mtu aliyepotelewa na funguo, na nilichopata ni maduka ya wageni na baa.

Jioni nilisimama nje ya Palau de la Música Catalana, jumba la mwaka 1908 lililojaa maua ya vigae hadi kwenye nguzo. Casals alianzisha okestra yake mwenyewe mwaka 1920, na miaka ya mwanzo aliilipa kwa fedha zake za maonyesho. Baadaye, 1926, kikaanzishwa chama cha wafanyakazi cha kusikiliza muziki, ili fundi na mshona nguo waingie kwa ada ndogo na kusikia okestra ile ile wanayosikia matajiri. Na ni katika jumba hili, tarehe 18 Julai 1936, walipokuwa wakifanya mazoezi ya Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ndipo habari ya uasi wa wanajeshi ilipowafikia, na kwamba onyesho la kesho yake halipo tena. Walimaliza kwanza sehemu ya kwaya ndipo wakatawanyika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilikuwa vimeanza.

Kwa atakayekuja: Kikatalani ni lugha kamili, si lafudhi ya Kihispania. Huko utasikia "Pau", ukivuka kwenda Ufaransa mabango yanaandika "Pablo". Mtu ni mmoja. Na "pau" kwa Kikatalani ni amani.

Jumamosi, 4 Oktoba: El Vendrell na Sant Salvador

Treni ya R4 kutoka kituo cha Sants, saa moja na ushee, karibu euro 7. Mashamba ya mizabibu pande zote.

El Vendrell ni mji mdogo unaojulikana kwa malaika aliyewekwa juu kabisa ya mnara wa kanisa. Nilifika kwenye nyumba aliyozaliwa Casals, 29 Desemba 1876, ikiwa bado imefungwa. Nilikuja mapema kwa kiherehere. Mama mmoja aliyekuwa akifagia kizingiti cha jirani alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki na kikombe cha kahawa. Yeye hakujua Kiingereza, mimi sikujua Kikatalani. Tulikaa tu, kama watu wa barazani. Alinionyesha malaika kwa kidole, nami nikamwonyesha picha ya selo langu kwenye simu. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mama anayeonyeshwa mchumba.

Nyumba yenyewe ni nyembamba, vyumba vya kupandana. Baba, Carles, alikuwa mpiga kinanda cha kanisa na mwalimu wa kwaya. Mama, Pilar, alizaliwa Puerto Rico. Mtoto alitaka kupiga kinanda cha baba tangu mapema, akaambiwa asubiri mpaka miguu ifike kwenye pedali. Ilifika akiwa na miaka 9. Nilikwenda kanisani kutazama pedali hizo kwa mbali. Mtoto wa miaka 9 lazima awe na miguu mirefu, au subira fupi.

Kutoka mjini hadi ufukwe wa Sant Salvador ni kilomita kama nne. Basi lipo, ila wikiendi hupita kwa nadra. Nilitembea juani, nikafika nimelowa jasho kama nimetoka kuvua. Vil·la Casals imeikabili bahari kabisa. Kati yake na mchanga pana njia ya waenda kwa miguu tu. Aliijenga kuwa nyumba ya likizo karibu mwaka 1910, akiwa tayari na jina. Alikwisha kupiga mbele ya Malkia Victoria mwaka 1899, na Ikulu ya Marekani mwaka 1904. Sasa ni makumbusho. Kiingilio hakikuzidi euro 10. Thibitisha saa za kufungua kabla hujatoka Barcelona, maana nje ya majira ya joto hufungwa mapema.

Na kibuyu kipo.

Kisa chake ni hiki. Wanamuziki wa kuzunguka walipita mjini, mmoja wao akipiga kitu kama ufagio uliotiwa uzi. Mtoto akashindwa kulala. Baba yake akamtengenezea cha kwake, kibuyu kikiwa ndiyo tumbo la sauti. Selo ya kweli hakuiona mpaka alipokuwa na miaka 11, bwana Josep García alipokuja kupiga El Vendrell. Mwaka 1888 mama yake akampeleka Barcelona kusoma kwa bwana huyo huyo.

Nilichuchumaa mbele ya kioo. Mtu yeyote aliyewahi kumwona Mgogo na zeze lake hahitaji maelezo ya mwongozaji. Nikapiga picha ya kwanza: ikatoka shati langu la mistari, na kibuyu ndani ya kifua changu kama mimba. Ya pili hivyo hivyo. Mhudumu aliyekuwa mlangoni, binti wa miaka ishirini na kitu, alinisogelea, nikajua nafukuzwa. Hasha. Alivua koti lake jeusi akalitandaza nyuma yangu kwa mikono miwili kuziba mwanga wa dirishani, akasimama hivyo hadi nikapata picha tisa.

Kitu kingine nilichojifunza siku ile ni cha kwapa. Zama za Casals, mwanafunzi wa selo alitakiwa abane kitabu kwapani ili mkono wa upinde usitanuke. Yeye akakikataa akiwa bado kijana. Akauachia mkono uende na kiwiko chake. Mkono wa kushoto nao akaufungua: badala ya kuutelezesha juu na chini kwa kila noti, akatanua vidole vifikie. Leo kila mmoja hufanya hivyo bila kufikiri. Nikiwa nasubiri chakula ufukweni nilibana menyu kwapani nikajaribu kuvuta upinde wa hewani. Bega linaganda mara moja. Mhudumu wa mkahawa akadhani nataka bili.

Chakula kilikuwa xató, saladi ya huko yenye samaki wa chumvi na jodari, iliyokorogwa na mchuzi wa lozi na pilipili kavu, euro 13. Kwa asiyekula nguruwe ni salama, lakini uliza, watu wa huko hawaoni kipande cha soseji kuwa ni nyama.

Jioni nilipita makaburini. Casals alifia Puerto Rico tarehe 22 Oktoba 1973, akiwa na miaka 96. Alikuwa ameapa kutorudi kuishi Hispania maadamu Jenerali Franco, kiongozi wa uasi ule wa 1936, anatawala, na Franco akamzidi kwa miaka miwili. Mifupa yake ililetwa hapa mwaka 1979. Kabla ya hapo aliingia mara moja tu kwa siku chache, 1955, kumzika Francesca Vidal, mwanamke aliyeishi naye uhamishoni, ambaye alitaka alazwe kwao.

Jumapili, 5 Oktoba: Montserrat

Treni kutoka Plaça Espanya, kisha garimoshi la meno linalopanda mlima. Foleni, foleni, foleni. Nilikwenda kwenye monasteri hii ya mlimani kwa sababu Casals aliwatungia watawa na kwaya ya watoto ya pale nyimbo kadhaa za ibada, *Nigra sum* ikiwemo, na kwaya hiyo ina karne kadhaa. Sikuwasikia wakiimba wimbo wake hata mmoja. Siku hiyo waliimba vingine, na mbele yangu alisimama bwana mrefu aliyenyanyua simu tangu mwanzo hadi mwisho. Usiende Jumapili.

Jumatatu, 6 Oktoba: kupanda Pirenei

Ukiharakisha unaweza kwenda Prades, mji wa Ufaransa alikoishi Casals uhamishoni, kwa treni ya pwani hadi Perpignan, kisha kurudi ndani. Mimi nilitaka kupita milima ya Pirenei, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, kwa sababu mwanzoni mwa 1939 nusu milioni ya watu waliivuka mipaka hii kukimbia majeshi ya Franco, wengi kwa miguu, ikiwa baridi kali. Treni ilichukua zaidi ya saa tatu hadi Puigcerdà, mji wa mpakani upande wa Hispania. Hapo nikagundua kwamba ratiba ya treni ya Ufaransa niliyoinakili ni ya majira ya joto. Ya mwisho ilikwishaondoka. Kosa langu mwenyewe.

Chumba euro 38. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari na mimi nilikuwa na koti la Darajani. Mzee wa mapokezi, bila kuulizwa, alileta blanketi la pili, kisha la tatu, akicheka.

Jumanne, 7 Oktoba: treni ya manjano, halafu Prades

Treni ndogo ya manjano inatoka Latour-de-Carol hadi Villefranche-de-Conflent, kilomita 63, kama saa tatu. Inapita Bolquère-Eyne, mita 1,593, kituo cha juu kuliko vyote vya shirika la reli la Ufaransa. Kuna daraja linaloning'inia kwa kamba za chuma, lililobuniwa na Gisclard; yeye mwenyewe alikufa mwaka 1909 kwenye ajali ya majaribio ya njia hiyo hiyo. Nilisoma habari hiyo tukiwa juu ya daraja. Ushauri: isome ukishafika chini. Nauli euro ishirini na kitu. Ukae kulia ukitoka juu, na maji ya kunywa uje nayo.

Kutoka Villefranche basi dakika chache, na Prades hii hapa: mji mdogo, kingo za barabara zake ni za marumaru ya waridi, na mlima Canigou umeinuka nyuma kama ukuta. Jumanne ni siku ya soko. Nilifika wanafunga. Muuza matunda, mwanamke mwenye mikono ya kilimo, alinitazama ninavyohesabu sarafu, akanijazia mfuko wa zabibu na tini zilizobaki, akasukuma mkono wangu wenye pesa. Nilizila kwenye ngazi za kanisa la Saint-Pierre, nikanata vidole vyote.

Casals alihamia hapa mwaka 1939. Angeweza kwenda popote: mikataba Marekani ilikuwepo. Badala yake alibaki karibu na makambi ya wakimbizi, Argelès, Rivesaltes, akipeleka chakula na nguo na fedha, akiandika barua kwa mkono siku nzima kuomba msaada. Aliishi nyumba iitwayo Villa Colette pamoja na familia ya mshairi Joan Alavedra. Shairi la Alavedra kuhusu kuzaliwa kwa Yesu, alilokuwa amemtungia binti yake mdogo, ndilo Casals alilolitia muziki wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, likawa *El Pessebre*, kazi yake kubwa ya utunzi. Ilisikika hadharani mara ya kwanza Acapulco, Mexico, Desemba 1960, mtunzi akiwa na umri wa karibu miaka 84. Villa Colette niliitazama kwa nje. Ni nyumba ya watu, usibishe hodi.

Vita hivyo vikuu vilipokwisha alitarajia mataifa makubwa yamwondoe Franco. Hayakufanya hivyo. Akaacha kupiga jukwaani. Mtu anayeishi kwa upinde akauweka chini, akaikataa mialiko ya nchi zilizoitambua serikali ile. Nilijiuliza pale kwenye ngazi kama kuna yeyote kwetu angeona tofauti nikiacha kupiga mimi. Pengine mke wangu, kwa furaha.

Alipokataa kwenda kwa watu, watu walimfuata. Mwaka 1950, miaka 200 tangu Bach afariki, mpiga fidla Alexander Schneider aliwakusanya wanamuziki wakaja kufanya tamasha humu humu Saint-Pierre. Ndani kuna madhabahu ya dhahabu inayopanda hadi darini, kazi ya Josep Sunyer. Ukitia sarafu kwenye kisanduku taa zinawaka. Kwa kuwa ni kanisa, makofi hayakuruhusiwa. Hadhira ilisimama kimya badala ya kupiga makofi. Nilikaa benchi la tatu, taa zikazimika, sikuongeza sarafu.

Lakini kisa cha Prades nilichokiandika kwa wino mwekundu ni cha Bernard Greenhouse, kijana wa Kimarekani aliyekuja kusoma kwa Casals mwaka 1946. Walichukua swiiti ya pili ya Bach. Casals akamtaka aige kila kitu: upinde uende vile vile, kidole vile vile, nafasi ya pumzi vile vile. Wiki kadhaa. Kijana akaona anakuwa nakala mbaya ya mzee. Mwishowe wakaweza kupiga pamoja bila tofauti. Hapo Casals akamwambia akae asikilize, akaipiga swiiti nzima na kubadilisha kila upinde na kila kidole. Ndipo akamweleza kuwa sasa amejifunza kuipiga Bach kwa kubuni.

Nilisoma hivyo nikamkumbuka Maalim, aliyenifanya nimuige pambio moja miezi miwili, na usiku wa onyesho yeye mwenyewe akapiga kitu kingine kabisa, nikabaki nimening'inia peke yangu mbele ya bibi harusi. Nilimnunia wiki nzima. Leo niko Ufaransa, miaka 19 baadaye, nimeshika tini, ndiyo naelewa.

Jumatano, 8 Oktoba: Cuxa na kurudi

Asubuhi nilitembea kilomita tatu hadi abasia (nyumba ya watawa) ya Saint-Michel-de-Cuxa, ambako tamasha la Prades hufanyika sasa kila kiangazi. Mnara mzito, bustani za matunda, kimya. Sehemu ya nguzo za ua wake ziko New York. Mchana basi hadi Perpignan, treni hadi Barcelona, hakuna la kusimulia isipokuwa mtoto aliyetapika.

Jumla, siku sita, bila ndege wala viza: euro 412. Ningelala Villefranche badala ya Puigcerdà ningeokoa siku nusu. Viza omba mapema, na barua ya mwaliko ichapishe nakala tatu.

Unguja

Nilimpelekea Maalim picha zote kumi na moja, zikiwemo mbili za shati. Akavaa miwani, akazikuza kwa vidole, akageuza simu chini juu. Kisha nikamsimulia habari ya Greenhouse, taratibu, nikitegea uso wake, maana nilidhani nimembana.

Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo alimlipisha mara mbili?"

Kisha akarudi kwenye kibuyu. Anataka kuwatengenezea watoto wa darasa la Jumamosi, kila mmoja na chake. Dereva wa lori tunayemfahamu ametuletea vibuyu vinne kutoka Dodoma. Kimoja kina ufa, na Maalim anasema hicho ndicho changu.